Ng'ambo ya Sidi

Harufu ndiyo iliyotangulia. Kabla sijaiona picha yenyewe niliinusa ndani ya kikapu cha mama, alasiri aliporudi kutoka kazini Shelly Beach, harufu nzito ya mafuta yaliyochanganyika na kitu kikali, nikadhani tumeletewa mandazi yaliyomwagikiwa mafuta ya taa. Mama akafungua gazeti lililoizunguka, na ndani yake mlikuwa na kitambaa kilichowambwa kwenye fremu ya mbao, ukubwa wa daftari la shule lililofunguliwa, kimepakwa rangi nene hata ukipitisha kidole unahisi matuta. Bibi mmoja mzee wa Kizungu, ambaye mama alikuwa akimfulia nguo, alikuwa amemaliza muda wake wa kupanga nyumba pale ufukweni, na siku ya kuaga akampa mama mojawapo ya picha alizokuwa akizichora barazani. Alimwambia ni picha ya mafuta. Mama aliposikia mafuta akaelewa mafuta, na kwa wiki kadhaa za mwanzo aliipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi kila Jumamosi, kama alivyonipaka mimi baada ya kuoga, ili isipauke. Baba, aliyekuwa akifanya kibarua cha bandarini Kipevu na akijiona mjuzi wa kila kilichotoka kwa wageni, ndiye aliyemwambia aache. Alipoulizwa kwa nini, hakujua.

Tuliitundika juu ya meza ya chakula, mahali pekee ukutani ambapo mvua haikuwa ikivuja. Ilionyesha mji wa kisiwani unavyoonekana ukisimama upande wetu wa Likoni: maghorofa meupe na mengine ya rangi ya maziwa yaliyobanana ukingoni, mnara mmoja wa msikiti, miti michache, mteremko wa feri ukishuka hadi majini, na chini yake maji ambayo yule bibi aliyapaka kijani, wala si buluu kama tulivyofundishwa kuyapaka shuleni. Feri yenyewe ilikatwa na ukingo wa fremu, ukaonekana mdomo wake tu. Watu hawakuwamo, isipokuwa madoa madogo pale mteremkoni, na doa moja kati ya hayo lilikuwa jekundu.

Mama hakuvuka darasa la pili, na herufi zilimchosha. Lakini aliamini kwamba chochote mtu alichokiweka kwenye karatasi au kitambaa kinasomeka, mradi msomaji apatikane. Kila Jumapili, baada ya kanisa na chakula cha mchana, alikaa kwenye mkeka na sinia la mchele wa wiki, akaanza kuuchambua, kisha akaniita nimsomee picha. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, mtoto wa pekee, na kazi ile niliishika kwa bidii zote. Nilimtajia majengo kwa majina yake, yale niliyoyajua na yale niliyomuuliza baba. Nilimwonyesha barabara inapopita na inapotokea. Nilifika hata kushuka ukingoni baada ya shule nikahesabu madirisha ya ghorofa moja refu, nikarudi kumwarifu mama kwamba mchoraji alikosea, kwa kuwa ghorofa lina safu saba za madirisha naye ameweka tano. Mama alisema "Aa," na vidole vyake vikaendelea kutembea ndani ya mchele, vikitoa kijiwe, vikitoa chuya. Sikuona kasoro yoyote katika hilo. Sikujua kwamba vidole vile vingeweza kusimama, mpaka alipokuja Sidi.

Sidi ni binti wa mama mdogo, dada yake mama anayemfuata. Alikuwa na miaka saba alipoletwa kwetu kutoka Kaloleni shule zilipofunguliwa, akiwa na mfuko mmoja wa nguo na jino la mbele lililong'oka. Mama mdogo alikuwa amepata kazi za nyumbani Uarabuni kwa mkataba wa miaka miwili, na mumewe alikwisha kumwacha zamani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema majirani walipomwona. Mimi sikuona nilichopona. Nilipunguziwa nusu ya kitanda, nusu ya leso ya kujifunikia, na ule upande wa mkeka uliokuwa karibu na goti la mama. Usiku Sidi alilala amenyoosha mkono juu ya kifua changu kana kwamba nami nilikuwa nimeletwa kwa ajili yake.

Jumapili ya kwanza alisimama chini ya picha, ameinua kidevu, akauliza, "Mama mkubwa, hapa ni wapi?" Mama, bila kuinua macho, akamjibu kwamba pale ni ng'ambo.

Kwetu Likoni ng'ambo ni neno la kila siku. Ukivuka maji kwenda kisiwani kununua sare za shule, umekwenda ng'ambo. Baba akichelewa, amekwama ng'ambo. Watu wa kisiwani nao wakija kwetu husema wanakwenda ng'ambo, kila mmoja akimwona mwenzake ndiye aliye upande wa pili. Lakini neno hilohilo ndilo mama mdogo alilolitumia alipomuaga mwanawe. Alimwambia anakwenda ng'ambo, na akirudi atamletea viatu vinavyowaka taa. Yeye alikusudia ng'ambo ya bahari kuu, kwa Waarabu. Sidi, aliyelelewa Kaloleni ambako hakuna maji ya kuvuka, alilichukua neno lile kama alivyopewa, akaja nalo Likoni, na huku akakuta kila mtu analitumia na kulionyesha kwa kidole. Basi akajua mama yake yuko wapi. Siku ile niliona amevuta kiti, amepanda, amesogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Mama alidhani mtoto anapenda picha.

Akaanza kusoma. Hakutaja jengo hata moja kwa jina, maana hakuyajua. Alisema kwamba kwenye dirisha la tatu kutoka juu kuna mwanamke anayeanika nguo za mtoto, nazo hazikauki kwa sababu jua limekwenda kwa jirani, na jirani ni mchoyo. Alisema mle msikitini kuna mzee anayetafuta kiatu chake cha kushoto tangu asubuhi. Alisema maji ni ya kijani kwa sababu mji umeosha mboga. Niligeuka kumtazama mama ili tucheke pamoja upuuzi huo, nikaona vidole vyake vimesimama. Vilikuwa vimelala juu ya mchele kama vilivyosahauliwa, naye ameinua uso, mdomo wazi kidogo, anamsikiliza mtoto wa dada yake. Kilichonishika kilikuwa wivu, na niseme wazi kwamba nilikuwa sijawahi kuuonja, kwa hiyo niliuchukua kuwa ni homa, nikaenda kulala.

Kuanzia hapo mama alituita sote wawili, kwa heshima yangu kama mkubwa, nami nikasoma kwanza. Nilisoma haraka, vidole vikitembea. Kisha Sidi akapanda kiti, na vidole vikasimama. Wiki baada ya wiki nilivitazama vidole vile kama mtu anayetazama saa. Nilijaribu kumwiga. Nikasema kwenye dirisha la nne kuna mwanamume anayekula samaki, mama akaniuliza ni samaki gani, nikakosa jibu. Sidi akaniokoa kwa kusema ni tasi, na ana mifupa mingi, ndiyo maana bwana yule haongei na mkewe. Mama alicheka mpaka akapangusa macho kwa ncha ya leso. Baba naye, aliyekuwa mlangoni akisugua viatu vyake vya kazi, alisema chanda chema huvikwa pete, na kila mtu akajua ni chanda cha nani alichokisifu. Kipya kinyemi ingawa ni donda, nikajipa moyo. Watamchoka.

Hawakumchoka. Na katikati ya masika nikagundua jambo lililonipa nguvu. Mama alituvusha kwenda kununua viatu vya kanisani, na tulipokuwa tukitembea kisiwani niliona Sidi anamchungulia usoni kila mwanamke anayepita, wa buibui na wa rinda, bila kuchoka. Akanivuta mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini nyumba anayofanyia kazi mama yake ni ipi kati ya hizi. Nikaelewa yote mara moja: doa jekundu la mteremkoni, ambalo Sidi alikuwa akimalizia nalo kila Jumapili, akisema huyu hapa amesimama anangoja zamu yake, alikuwa amelifanya mama yake. Mama mdogo aliondoka amejitanda leso nyekundu. Mtu mwenye moyo mzuri angemweleza mtoto pale pale, au angalau angemwambia mama. Mimi nilimjibu, "Tafuta." Nilifurahi kuwa na kitu nikijuacho ambacho yeye hakukijua, nikakiweka kama mbwa anavyoweka mfupa.

Mara mbili mama mdogo alipiga simu kwa jirani yetu aliyekuwa na simu ya mkononi, na mara zote mbili maneno yalikatika kabla hayajafika popote. Sauti yake ilisikika karibu sana, na hilo likamthibitishia Sidi kwamba yuko pale tu, ng'ambo ya maji. Jumapili iliyofuata simu ya pili alisoma vizuri kuliko siku zote. Alisema mama yake amesimama pale mteremkoni, miguu inamuuma, lakini hakai chini kwa kuwa akikaa tutamkosa. Mama hakucheka. Alisukuma sinia la mchele kando, akamwita Sidi, akampakata, mtoto mkubwa wa miaka saba, huku mimi nimesimama chini ya picha sijui mikono yangu niiweke wapi. Hakuniita.

Jumamosi iliyofuata mama alikwenda sokoni na Sidi akafuata. Nilipanda kiti. Nilikuwa nimeacha ukucha wa kidole gumba ukue, si kwa ajili hiyo, lakini ulinifaa. Rangi ilikuwa ngumu juu na laini ndani, ikatoka kwa mikwaruzo mitatu, na pale palipokuwa na doa jekundu pakabaki kijivu cha kitambaa, padogo kama punje ya mtama. Nilipuliza vumbi, nikashuka, nikarudisha kiti. Moyo haukunidunda. Nilijiambia nimesahihisha tu, kwa kuwa hapakuwa na mwanamke yeyote pale, palikuwa na rangi.

Siku iliyofuata mama alisema tuanze na mdogo. Sidi akapanda kiti, akatazama. Akatazama tena. Alikaa kimya muda mrefu mpaka mama akaacha mchele bila hata neno kusomwa, nami nikangoja kilio ambacho nilikuwa nimekipanga na kukistahili. Kisha akageuka, uso unang'aa, lile pengo la jino liko wazi, akasema, "Hayupo tena. Ameshapanda feri."

Mama aliinuka akaitazama picha kwa karibu. Baadaye akanitazama mimi, akayashusha macho polepole mpaka kwenye mikono yangu, ambayo nilikuwa nimeificha nyuma nikisahau kwamba kuificha ni kujitaja. Alikwenda chumbani akarudi na wembe, akanikalisha mkekani, akanikata kucha zote kumi, moja baada ya nyingine, taratibu, akishika kila kidole kwa upole kama cha mtoto mchanga. Alipofika kwenye kidole gumba cha kulia alikisogeza kwenye mwanga. Kulikuwa na wekundu chini ya ukucha. Akaukata huo pia, akazifagia kucha zangu kwa kiganja, akarudi kwenye mchele wake. Kama angenichapa ningepata pa kulilia.

Jumatatu Sidi hakurudi kutoka shuleni. Mama akanituma, na hakunieleza niende wapi. Nilimkuta juu ya mteremko wa feri wa upande wetu, kando ya wauza viazi karai, mkoba mgongoni, amesimama pale ambapo watu wanaoshuka humwagika kwa mamia wakiharakisha nyumbani. Aliwachungulia usoni mmoja mmoja. Mwanamke mmoja alikuwa amempa kipande cha muhogo, nacho hakukila, amekishika mkononi kwa ajili ya mtu mwingine. Nilimwambia twende nyumbani. Akasema anamngoja mama yake, ameshapanda, huenda yuko kwenye hii inayokuja. Hapo nikautoa ule mfupa wangu. Sikuutoa kwa huruma. Nilitaka nimwone akishindwa, angalau mara moja, na mtu wa kumshinda niwe mimi.

"Mamako hayuko pale," nikamwambia. "Ng'ambo yake si hii. Yuko Uarabuni, mbali, na siku akirudi atarudi kwa ndege."

Hakulia. Alikunja uso, kama alivyofanya kwenye kiti kabla hajasoma. "Akishuka kwenye ndege," akauliza, "atapita wapi kuja kwenu?"

Nikafikiri. Uwanja wa ndege uko upande wa Changamwe. Kutoka huko unaingia kisiwani, na kutoka kisiwani kuja Likoni njia ilikuwa moja. "Hapa," nikasema.

"Basi namngoja papa hapa, dada."

Feri ikafunga gati, mlango ukashuka, watu wakaja. Nilisimama naye. Nilikuwa nimekuja na ukweli wote mkononi, naye akauchukua, akaugeuza, akanirudishia umekuwa wake. Tulikaa mpaka feri tatu zikapita ndipo akakubali kuondoka, na njiani akanimegea ule muhogo, kipande kikubwa zaidi kikaja kwangu. Niliula nikiwa na hasira. Hata kwa wema alikuwa akinishinda.

Nilimweleza mama habari ya neno ng'ambo usiku huohuo, na yeye akamkalisha Sidi akamfafanulia vyema, Uarabuni ni wapi na miaka miwili ni mingapi. Sidi akasema "Abee, mama mkubwa," kwa kila jambo, na Ijumaa akarudi mteremkoni. Mama alimruhusu siku hiyo moja kwa wiki, akanifanya mimi niwe wa kumsindikiza, na sidhani aliitoa kama adhabu ingawa nilivyoichukua ndivyo. Kusoma picha kukafifia. Sidi hakuwa na haja nako tena, na nilipojitolea nisome mimi, mama alinisikiliza kwa adabu, vidole vikitembea. Nilikuwa nimeupata mkeka wote. Mama mdogo alirudi baada ya miaka mitatu na sio miwili, mnene, amechoka, amevaa buibui jeusi, na Sidi ndiye aliyemtambua katikati ya watu wale wote kabla mama hajamwona dada yake. Nilikuwepo. Nililia kama wengine, na katikati ya kulia nikajikuta nawaza kwamba mimi sijawahi kungojewa hivyo na mtu yeyote.

Leo mtoto kama Sidi asingepata jibu lile. Imejengwa barabara ya Dongo Kundu, na mgeni akishuka uwanja wa ndege anaweza kufika Likoni bila kuyagusa maji wala kuuona mteremko. Mji wa kisiwani nao haufanani tena na picha. Maghorofa yamepanda juu ya maghorofa, na mnara ule umepotea katikati yake. Mimi nafanya kazi kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, Kipevu, nasoma karatasi za makontena siku nzima: kilichoandikwa ndicho kinachopaswa kuwamo, na kisipokuwamo naandika kwamba hakimo. Ni kazi ninayoiweza sana. Sidi anaishi Kisauni, upande wa Mwakirunge, anafundisha watoto wa chekechea, na kila Jumapili anavuka mji mzima kuja kumwona mama, ambaye macho yake yana mtoto wa jicho. Nami huwa nipo. Wanapoongea natazama mikono ya mama, mizee sasa, na bado najua itakaposimama.

Mwaka jana mama alianza kugawa vitu vyake, kama wazee wafanyavyo ili wapate kuona nyuso za wanaopewa. Sidi alipata sinia na mkeka. Aliponiita mimi alikuwa tayari ameiteremsha picha ukutani, ameipangusa, ameifunga kwa gazeti. Sikuamini. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimejiandaa kuiona ikienda Kisauni, nimejifunza hata uso nitakaouvaa siku hiyo. Nilimuuliza, kwa sauti niliyotaka iwe ya utani, mbona hakumpa Sidi.

"Mwenzio haihitaji," mama akasema.

Imetundikwa sebuleni kwangu, Changamwe, mahali penye mwanga mzuri. Wageni husimama mbele yake wakaniuliza ni wapi, nami huwaambia ni mji wa Mombasa ulivyokuwa ukionekana kutoka Likoni, na huwatajia majengo kwa majina yake, yaliyobaki na yaliyobomolewa. Wote hunishukuru. Mpaka leo hakuna aliyewahi kuniuliza swali la pili.